Kiapo, kipimo au wosia: kanuni tatu za kumwokoa mpanda mlima, na ipi ya kuchagua

"Msiba wa kujitakia hauna kilio." Methali hii hutajwa upesi kila mpanda mlima anapokwama juu na habari zikafika kwamba watu wengine wametumwa kumfuata. Ina ukweli wake, maana hakuna aliyemlazimisha kupanda. Lakini haikiambii kikosi cha uokoaji kifanye nini saa nane usiku redio inapolia. Kikosi kinahitaji kanuni, na kanuni hiyo sharti iwe imeandikwa kabla redio haijalia.

Ulinganisho huu ni kwa wale wanaoiandika: wakuu wa vikosi, vyama vya wapanda milima, kampuni zinazopeleka watu vileleni, na mpandaji mwenyewe anayejaza fomu kabla ya safari. Kanuni zinazotumika duniani ni nyingi, lakini ukizichambua zinaangukia mafungu matatu. Kuna kiapo: tukiitwa, tunakwenda. Kuna kipimo: tukiitwa, tunapima, na tunaweza kukataa. Na kuna wosia: mpandaji mwenyewe anasema mapema kwamba asifuatwe. Nisifiche kwamba mimi naegemea kipimo, ila kile chenye meno, maana kipimo cha kwenye makaratasi tu ni kiapo kilichovaa koti jingine.

Hesabu ya vichwa haitoshi

Wengi huanza hivi: mmoja amekwama, wanne wanamfuata, je, ni haki kuhatarisha wanne kwa ajili ya mmoja? Swali hilo limewekwa vibaya, kwa sababu wale wanne hawaendi kufa. Wanaenda mahali ambapo huenda wakafa. Tuseme kila mmoja wao ana nafasi 1 kati ya 20 ya kutorudi, na aliye juu atakufa bila shaka asipofuatwa. Kwa usiku huo mmoja, kwenda kunaonekana kuna faida kubwa: kwa wastani unapoteza sehemu ya tano ya mtu ili kumpata mtu mzima. Wengi hufunga daftari hapo.

Wanachosahau ni kwamba mwokoaji ataitwa tena. Anayekubali hatari ya 1 kati ya 20 kila anapoitwa, baada ya miito 20 nafasi yake ya kuwa bado hai ni kama 36 kwa 100. Kanuni inayopendeza kwa usiku mmoja inaweza kukimaliza kikosi katika misimu michache. Kwa hiyo kila kanuni hapa chini nitaipima kwa swali la pili pia: ikirudiwa miaka kumi, itatuacha na nani wa kuitwa?

Kuna na tofauti ya ridhaa. Husemwa kwamba mwokoaji naye amechagua kazi yake kama mpandaji alivyochagua mlima, basi wako sawa. Hawako sawa. Mpandaji ana miezi ya kuamua. Anasoma njia, anafuatilia hali ya hewa, na hata asubuhi ya kuondoka anaweza kughairi. Mwokoaji ana dakika, mlima na hali ya hewa vimechaguliwa na mtu mwingine, na pengine anaisikia sauti ya anayekufa redioni. Alikubali kazi kwa jumla. Hakuukubali ukuta huu, usiku huu, katika upepo huu.

Kiapo: tukiitwa, tunakwenda

Mfano mashuhuri ni TOPR, waokoaji wa milima ya Tatra upande wa Poland, walioanzishwa na Mariusz Zaruski mwaka 1909. Anayejiunga huahidi kwa neno la heshima kwamba maadamu ana afya, akiitwa na mkuu atakwenda mlimani, haijalishi ni majira gani, saa ngapi au hali ya hewa ikoje.

Usikibeze kiapo cha namna hii. Jambo la kwanza kinalotoa ni uhakika: familia iliyo chini haina haja ya kubembeleza mtu. La pili, ambalo watetezi wa kipimo hupenda kuliruka, ni kwamba kiapo hakiulizi aliyekwama ni nani. Julai 2023, Mohammad Hassan, mpagazi wa Kipakistani, alipata ajali katika sehemu nyembamba iliyo karibu na kilele cha K2, mlima wa pili kwa urefu duniani, na kufia hapo, huku wapandaji wengi wakipita kuelekea juu. Mjadala wa nani angeweza kumsaidia na kwa kiasi gani haujaisha, wala sitaumaliza mimi. Lakini swali lililoulizwa na wengi, kwamba je, angekuwa mteja aliyelipa badala ya mpagazi, ni swali ambalo penye kiapo halina nafasi. Kila unapoweka mizani, unafungua mlango wa mtu kupimwa kwa jina lake, nchi yake au mfuko wake.

Na mahali pasipo na kanuni yoyote ni pabaya kuliko penye kiapo kikali. Mwishoni mwa Desemba 1956 vijana wawili, Jean Vincendon wa Ufaransa na François Henry wa Ubelgiji, walikwama kwa baridi kwenye Mont Blanc. Chini, Chamonix, hakukuwa na chombo kimoja chenye wajibu wa kuwafuata. Waongoza wapandaji wa mji huo waliona hatari ni kubwa mno. Jeshi likachukua kazi kwa helikopta. Tarehe 31 Desemba helikopta ya Sikorsky ilianguka palepale kwenye theluji karibu na vijana hao. Sasa waliohitaji kuokolewa wakawa zaidi, na nguvu zikaelekezwa kwa marubani. Vincendon na Henry waliingizwa ndani ya mabaki ya helikopta, wakaachwa, wakafa. Lionel Terray, mmoja wa wapandaji wakubwa wa zama zile, alikuwa amepanga msafara wa miguu kwa hiari yake, na kwa hasira ya jinsi wenzake walivyokaa chini akaachana na chama cha waongozaji cha Chamonix. Aibu ya tukio hilo ilisukuma serikali ya Ufaransa mwaka 1958 kuufanya uokoaji wa milimani kuwa kazi ya dola yenye vikosi vyake maalumu.

Lakini ona nani anayebeba gharama ya kiapo. Agosti 1910, kabla TOPR haijatimiza mwaka, waokoaji walimfuata mpandaji aliyejeruhiwa kwenye ukuta wa Mały Jaworowy. Mvua ilinyesha, mawe yakaporomoka, na Zaruski akaamuru warudi. Klimek Bachleda, mwongozaji mwenye umri wa karibu miaka 60, hakurudi. Aliendelea peke yake, akafa. Yule aliyefuatwa naye akafa. Bachleda amekuwa alama ya kujitoa mhanga katika milima ile, na anastahili heshima hiyo. Hata hivyo kisa chake kikisomwa vizuri kinasema jambo ambalo sanamu halisemi: mtu aliyeandika kiapo ndiye aliyeamuru kurudi. Mwanzilishi mwenyewe hakukielewa kiapo kuwa ni kwenda hadi kufa. Ahadi ilikuwa ya kutoka kambini mtu anapoitwa. Kuhusu kufika kwa gharama yoyote, haikusema kitu.

Mfano mwingine unauma zaidi kwa udogo wa sababu yake. Agosti 1995, katika mlima Rainier huko Marekani, mpandaji alivunjika kifundo cha mguu juu kwenye barafu. Maumivu makali, ndiyo. Kifo cha saa ile, hapana. Vijana wawili wa hifadhi, askari Sean Ryan na Philip Otis wa kujitolea, walipanda usiku kumfuata. Walianguka wakafa wote wawili. Mwenye kifundo aliteremshwa akapona. Kiapo kinachotendea kifundo cha mguu na moyo uliosimama kwa namna moja kina kasoro ambayo ujasiri hauwezi kuirekebisha.

Kipimo: tukiitwa, tunapima

Ukitaka kuona kipimo kikifanya kazi, tazama mlima Nanga Parbat wa Pakistani, Januari 2018. Élisabeth Revol wa Ufaransa na Tomasz Mackiewicz wa Poland walifika kilele hicho cha zaidi ya mita 8,100 katikati ya majira ya baridi. Wakiteremka, Mackiewicz alipofuka kwa theluji na hali yake ikawa mbaya sana. Revol alimteremsha hadi karibu mita 7,200, akamwacha amejihifadhi, akaendelea kushuka.

Wapandaji wa Poland walikuwa K2 wakati huo. Wanne, Adam Bielecki, Denis Urubko, Jarosław Botor na Piotr Tomala, wakakubali kwenda. Helikopta za jeshi la Pakistani ziliwashusha chini kidogo ya mita 5,000, baada ya kuchelewa kwa suala la malipo lililotatuliwa kwa michango ya mtandaoni na dhamana ya serikali ya Poland. Bielecki na Urubko walipanda gizani zaidi ya mita elfu moja kwa takribani saa nane, mwendo ambao kikosi cha kawaida kingeuhesabu kwa siku. Wakampata Revol hai.

Juu yao, kama mita elfu moja zaidi, alikuwa Mackiewicz. Hawakwenda. Dhoruba ilikuwa inakaribia. Mtu asiyeweza kutembea katika kimo kile, wakati wa baridi, hawezi kubebwa na wawili. Na Revol mwenye mikono iliyoganda asingeteremka peke yake. Walimteremsha mmoja aliyeweza kuokoka na kumwacha mmoja ambaye wasingeweza kumwokoa. Nimesoma watu wakiuita uamuzi ule wa kikatili. Kwangu ni kati ya maamuzi safi kabisa katika historia ya uokoaji, kwa sababu hatari kubwa waliyoichukua na hatari waliyoikataa zilipimwa kwa mizani ileile: je, kuna maisha tunayoweza kuyarudisha chini, na je, tunayo njia ya kurudi?

Huo ndio uzuri wa kipimo. Udhaifu wake ni kwamba mizani hushikwa na binadamu, na binadamu husukumwa. Agosti 2005, hukohuko Nanga Parbat, Tomaž Humar wa Slovenia alikwama siku kadhaa kwenye ukuta wa Rupal huku dunia ikimfuatilia kwenye mtandao. Rubani Rashid Ullah Baig wa jeshi la Pakistani na wenzake walimtoa kwa kamba kutoka karibu mita 6,000, mahali ambapo helikopta inaning'inia kwenye hewa nyembamba na panga zake zinapita karibu na mwamba. Ulikuwa urubani wa ajabu. Ila jiulize: bila kamera, bila viongozi wa nchi kupiga simu, mizani ingesoma vilevile? Sina hakika, na nadhani marubani wengi wakiwa peke yao wangejibu kwa kunyamaza.

Kisa kinachonifikirisha kuliko vyote ni cha mpandaji mmoja aliyeingia kwenye mizani mara mbili. Novemba 2010, Kazuya Hiraide wa Japani na mwenzake David Göttler wa Ujerumani walikwama kwenye Ama Dablam, Nepali. Rubani Sabin Basnyat na fundi wake Purna Awale walimtoa Göttler, wakarudi kumchukua Hiraide. Helikopta ikaanguka, wakafa wote wawili. Hiraide alichukuliwa na helikopta nyingine baadaye. Aliishi, akapanda tena, akawa miongoni mwa wapandaji wanaoheshimiwa sana duniani. Julai 2024 yeye na Kenro Nakajima walianguka kwenye upande wa magharibi wa K2, kutoka zaidi ya mita 7,000. Helikopta iliwaona wamelala bila kusogea. Haikuweza kutua, na kufika kwa miguu kulikuwa hatari mno. Baada ya siku chache uokoaji ukasitishwa, familia zikiridhia.

Ungeweza kusema kwamba mara ya kwanza walikosea kurudi na mara ya pili walipatia kuacha. Mimi sisemi hivyo. Mwaka 2010 alikuwa hai, hewa ilikuwa imewaruhusu dakika chache nyuma, na mwenzake alikuwa ameshatolewa. Mizani ilikuwa upande wa kwenda, wakaenda, na mlima ukajibu vingine. Kipimo kizuri hakizuii vifo vyote vya waokoaji. Kinachozuia ni vifo ambavyo kila mtu aliyekuwepo alijua havina maana, na hata hivyo hakuna aliyesema.

Kusema huko ndiyo meno niliyoyataja. Katika hifadhi za taifa za Marekani kuna utaratibu, uliotoka kwa walinzi wa pwani, wa kila mmoja kwenye kikosi kutoa alama kwa mambo kadhaa kabla ya kuondoka: uongozi, mpango, uchovu wa watu, mazingira, ugumu wa tukio. Jumla huangukia kijani, manjano au nyekundu. Namba zenyewe si muujiza. Faida yake ni kwamba mgeni wa kikosi anaweza kuandika alama mbaya bila kusimama mbele ya wakongwe na kusema "naogopa". Alama zikitofautiana sana kati ya mtu na mtu, hapo ndipo mazungumzo yanapoanza.

Ningeongeza mambo mawili. Anayeamua asiwe yule anayezungumza na familia au na aliyekwama. Sauti ya mtu huharibu mizani kuliko upepo. Na upimaji urudiwe kila hatua, kwa sababu kikosi kilichokwisha kupanda saa sita huona aibu kugeuka, na aibu hiyo imeua.

Wosia: nisifuatwe

Julai 2025 Laura Dahlmeier, bingwa wa Olimpiki wa Ujerumani katika mchezo wa kuteleza thelujini na kulenga shabaha, aligongwa na mawe kwenye kilele cha Laila, milima ya Karakoram. Mwenzake aliomba msaada mara moja, waokoaji wakaja, helikopta ikapita juu. Hakukuonekana dalili ya uhai. Kisha ikatangazwa kwamba alikuwa ameacha maandishi: likimpata jambo kama hilo, mtu yeyote asihatarishe maisha yake kuurudisha mwili wake. Ombi likaheshimiwa.

Hii ndiyo kanuni rahisi kuliko zote kwa mwokoaji, na kwa upande wa wafu sioni pingamizi lenye uzito. Shida huja mtu anapotaka kuipeleka kwa walio hai. Wapo wapandaji wanaosema kwa fahari: nikikwama, niacheni. Wanasema hivyo wakiwa wameshiba na wana joto. Mtu yuleyule akiwa amevunjika paja na ana kifaa cha setilaiti mfukoni, kidole hubonyeza. Simlaumu. Ila wosia wa hai hauwezi kutegemewa: kikosi kikipokea wito kutoka kwa mtu aliyeandika asifuatwe, wito ndio neno lake la mwisho. Na mara nyingi aliye hatarini hayuko peke yake. Kamba ina watu wawili, na mmoja hawezi kusaini kwa niaba ya mwingine.

Pia wosia unaweza kugeuzwa silaha. Kampuni inayomtaka mteja asaini kwamba hatadai uokoaji imejipunguzia gharama kwa kutumia lugha ya uhuru. Na kuwataka wapagazi wasaini karatasi hiyohiyo, watu walioko mlimani kwa ajili ya ugali na ada za shule, ni kuwakejeli.

Tatu hizi kwa mkato

| | Kiapo | Kipimo | Wosia |
|---|---|---|---|
| Anayeamua | Kanuni yenyewe | Kikosi na mkuu wake | Mpandaji |
| Wakati wa kuamua | Siku ya kujiunga | Wito unapoingia, na kila hatua | Kabla ya safari |
| Nguvu yake | Uhakika, haibagui | Hulinganisha hatari na uwezekano wa kuokoa | Humwondolea mwokoaji mzigo |
| Hupasuka wapi | Huwamaliza waokoaji wazuri kwanza | Shinikizo la sifa, familia, mataifa | Mtu akiwa hai na anaomba msaada |

Je, pesa hubadilisha lolote?

Mjadala huu karibu kila mara huteleza kwenda kwenye malipo, kwa hiyo tuupe nafasi yake, ndogo. Tatra ni milima yenye nchi mbili. Upande wa Poland uokoaji ni bure kwa anayeokolewa; upande wa Slovakia, tangu 2006, hulipiwa, na watu hukata bima. Jimbo la New Hampshire, Marekani, humdai aliyeonyesha uzembe, lakini huuza kadi ya hiari ya dola 25 inayomlinda mwenye nayo dhidi ya dai la uzembe wa kawaida.

Naunga mkono bima, kwa sababu helikopta hunywa mafuta. Ninachokataa ni wazo kwamba bili inasafisha dhamiri. Anayelipa amenunua saa za ndege. Hajanunua haki ya rubani kufa. Hofu ya vikosi vingi ni kinyume cha wanavyodhani wananchi: mtu akiogopa bili huchelewa kupiga simu, akaja kupiga usiku, dhoruba imeingia, na hatari aliyoikwepa kwa mfuko wake ikawaangukia waokoaji. Ukichagua kulipisha, lipisha kwa bima ya lazima au ada ya kupanda. Usisubiri kumtoza mtu aliye kwenye machela.

Waliolipwa, waliojitolea, na waliokuwa wakipita

Kanuni hazimgusi kila mtu sawa. Askari wa hifadhi na rubani wa jeshi wanaweza kuamriwa, ndiyo maana wao hasa wanahitaji haki ya kukataa iliyoandikwa. Wa kujitolea wanaweza kukataa kwa sheria, lakini mara nyingi hawawezi kwa moyo. Februari 2021, Uingereza ikiwa kwenye marufuku ya korona, watu wawili walikwenda kupiga kambi kwenye mlima wa Red Screes, mmoja akapata maumivu ya kifua. Mwanakikosi wa kujitolea wa Patterdale aliyetoka kumsaidia alianguka kama mita 150, akaumia uti wa mgongo na maisha yake yakabadilika kabisa. Waliopiga kambi walitozwa faini ya pauni 200 kila mmoja. Sijui kama ipo faini ambayo ingetosha. Nashuku hakuna, na ndiyo maana sipendi maadili ya uokoaji kuachiwa mahakama.

Anayepita ni suala tofauti. Sheria ya Ufaransa humwadhibu asiyemsaidia aliye hatarini pale ambapo kumsaidia hakumhatarishi yeye wala wengine. Ya Ujerumani inafanana. Yaani hata sheria kali zinasimama kwenye mlango wa hatari. Lakini mlango huo hauko mbali kama wapandaji wengine wanavyotaka tuamini. Mei 2006, upande wa kaskazini wa Everest, David Sharp alikufa kando ya njia ambayo makumi ya watu waliipita. Siku chache baadaye, njia ileile, Dan Mazur na wenzake watatu walimkuta Lincoln Hall, aliyekuwa ameachwa akidhaniwa amekufa. Waliacha kilele kilichokuwa mbele yao, wakakaa naye, wakaita msaada. Hall akashuka hai. Mwaka 2023 Gelje Sherpa alimkuta mpandaji wa Malaysia juu ya mita 8,000, akamshawishi mteja wake wa Kichina aache kilele, akambeba mgonjwa mgongoni kwa saa kadhaa. Hali za wagonjwa hawa hazikuwa sawa, na sitaki kudai kwamba Sharp angepona. Nasema tu kwamba anayepita mara nyingi haombwi atoe uhai. Anaombwa atoe kilele, na hicho hakihitaji mizani.

Miili

Hapa sina maneno mengi. Mwaka 1984 inspekta wa polisi Yogendra Bahadur Thapa na Ang Dorje Sherpa walikufa Everest wakijaribu kuuteremsha mwili wa Hannelore Schmatz, aliyefariki huko 1979. Mwaka 2008 Jehan Baig alikufa K2 akisaidia kuushusha mwili wa mpandaji mwingine. Naelewa uzito wa kuzika; familia isiyo na kaburi huomboleza bila kikomo. Bado, mwili uliopo kwenye kimo kile ubaki, isipokuwa uko mahali ambapo ungeshushwa kwa hatari ileile ya siku ya kawaida ya kazi.

Uchaguzi

Kama unaongoza kikosi, chagua kipimo, na kutoka kwenye kiapo chukua kitu kimoja tu: ahadi ya kuitika. Kila wito upokewe, kila wito utoke na jibu, na jina la aliyekwama lisiandikwe kwenye karatasi ya alama. Mpe kila mwanakikosi haki ya kukataa bila kueleza sababu, kisha angalia mwaka mzima kama kuna aliyewahi kuitumia. Kama hakuna, haki hiyo haipo.

Kama unaongoza kampuni au chama, kazi yako iko mapema zaidi. Waambie wateja kimo ambacho juu yake hakuna atakayewafuata, uwaambie wakiwa bado mjini. Wapagazi na waongozaji wawe na bima ileile ya uokoaji iliyo kwa mteja. Kama bajeti haitoshi, safari ni ya watu wachache zaidi.

Na kama wewe ndiye unayejaza fomu, jaza sehemu mbili zilizotengana. Ile ya "nikiwa hai" iachie kikosi, na usijidai shujaa. Ile ya "nikiwa nimekufa" iandike kwa mkono wako, uisaini, na nakala umpe mtu atakayepigiwa simu, ili asilazimike kubuni jibu lako akiwa analia.